OET: Mazungumzo Hayakaririwi

Daktari au muuguzi anayetaka usajili Uingereza anaweza kuthibitisha Kiingereza chake kwa mtihani wa OET. Sehemu ya kuzungumza huchukua kama dakika 20: mtahiniwa husoma kadi yenye maelezo ya igizo kwa dakika 3, kisha huigiza mazungumzo na “mgonjwa” kwa dakika 5 hivi, na hufanya hivyo mara 2. Wengi hujiandaa kwa kukariri salamu, maneno ya pole na maelezo ya magonjwa. Hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu anayeigiza mgonjwa naye ana kadi yake, na mtahiniwa haioni. Tuseme mgonjwa wa kisukari anakataa insulini. Aliyekariri ataeleza faida za dawa hadi muda umwishie. Anayesikiliza atauliza, “Ni nini hasa kinachokutia hofu?” na kuambiwa kwamba shangazi yake mgonjwa alianza sindano, baadaye akakatwa mguu. Sasa ana la kujibu: kilichomponza shangazi yaelekea ni sukari iliyokaa juu muda mrefu, wala si sindano. Kisha atamwomba mgonjwa aeleze alivyoelewa.

Wapo watakaosema huu ni mtihani wa lugha, huruma inaingiaje? Jibu limo katika usahihishaji wenyewe. Tangu 2018 vigezo ni 9: 4 vya lugha na 5 vya mawasiliano na mgonjwa, kuanzia kujenga uhusiano na kuelewa mtazamo wake hadi kupanga mazungumzo, kukusanya taarifa na kuzitoa. Wengine hutetea kukariri kwa kuwa kunaondoa woga. Ni kweli kwa sentensi ya kufungulia na ya kuagia. Katikati, pole iliyotamkwa kabla mgonjwa hajamaliza kusema humwonyesha kwamba hakusikilizwa. Pingamizi zito zaidi ni kukosa mwenzi anayejua Kiingereza vizuri. Lakini mwenzi si lazima awe mtaalamu wa afya, na kuuliza, kunyamaza na kuhakikisha umeeleweka hufanyiwa mazoezi hata kwa Kiswahili, wodini, kila siku. Kwa mazoezi ya Kiingereza, mwenzi aandike kadi yake mwenyewe, aweke hofu moja ambayo hataitaja asipoulizwa, na mazungumzo yarekodiwe. Mkisikiliza rekodi, kabla ya kuhesabu makosa ya sarufi, angalieni kama hofu ile iliibuliwa. Kama haikuibuliwa, rudieni kwa kadi nyingine.