TAA ZA GARI MCHANA: WASHA UONEKANE

Tukisikia neno afya, wengi wetu tunawaza presha, kisukari na lishe. Leo naomba tuzungumzie taa za gari. Usishangae. Ajali ya barabarani inamlaza mtu hospitali, inamwacha na ulemavu na inaacha watoto bila mzazi, sawa na maradhi tunayoyaogopa kila siku. Tena wengi wetu tulioko huku Uingereza tunaendesha saa ambazo wengine wamelala. Wapo wanaobeba boksi usiku kwenye maghala, wapo wanaotoka nyumba moja hadi nyingine kuwahudumia wazee kabla jua halijachomoza, na wapo madereva wa teksi na wa kupeleka vifurushi.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Hata hivyo ipo kinga ndogo iliyo karibu na mkono wako, karibu haina gharama, na wengi wetu hatuitumii ipasavyo. Kinga hiyo ni swichi ya taa.

MAZOEA TULIYOKUJA NAYO

Kule nyumbani, uwe Mombasa, Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura, jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Likishazama, giza linaingia upesi. Ndiyo maana tumekua tukijua kwamba taa ni kitu cha usiku. Ukisahau kuzima taa mchana, watu unaopishana nao watakuonyesha mkono, wakifumba na kufumbua vidole, kukujulisha kwamba taa zako zinawaka. Ni wema mtupu. Lakini mazoea hayo tumesafiri nayo, na huku mazingira ni mengine.

Mwezi wa Desemba mjini London, jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi na linazama kabla ya saa 10 alasiri. Edinburgh hali ni nzito zaidi, kwani jua la asubuhi linasubiriwa hadi saa 2 na dakika 40 hivi. Hata adhuhuri jua la Desemba liko chini sana. London halifiki nyuzi 17 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo linampiga dereva machoni mchana kweupe. Tena giza la huku haliingii ghafla. Mwanga unapungua polepole kwa muda mrefu, pamoja na manyunyu na mawingu ya kijivu. Katika muda huo wewe bado unaiona barabara vizuri, ndiyo maana hufikirii taa. Mwenzako ndiye asiyekuona.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Taa za gari zina kazi mbili: kukuwezesha kuona, na kukuwezesha kuonekana. Kazi ya kwanza tunaijua sote. Hii ya pili ndiyo tunayoisahau.

KWA NINI MTU MWENYE MACHO MAZIMA ASILIONE GARI?

Jicho hutambua kitu kwa urahisi kikiwa kinatofautiana na kilicho nyuma yake. Gari la kijivu kwenye lami iliyolowa, chini ya mawingu ya kijivu, halina tofauti hiyo. Zaidi ya hapo, gari linalokuja moja kwa moja mbele yako halionekani kusogea kushoto wala kulia. Linakua polepole tu machoni, na likishafika karibu ndipo unagundua kasi yake. Taa mbili zinazowaka huvuta jicho mapema zaidi.

Tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda maili 60 kwa saa linapita mita 27 hivi kila sekunde. Kwa mujibu wa kitabu cha Highway Code, gari hilo linahitaji mita 73 kusimama, kuanzia dereva anapoona hatari. Sasa chukua magari mawili yanayoelekeana, kila moja kwa mwendo huo. Mita 300 kati yao zinakwisha kabla ya sekunde sita. Dereva anayetaka kulipita lori ana sekunde hizo tu za kuamua. Akikuona mapema, anabaki nyuma ya lori. Akichelewa kukuona, mnakutana katikati.

NCHI ZA BARIDI ZILIANZA ZAMANI

Wenzetu wanaoishi kaskazini zaidi waligundua jambo hili miaka mingi iliyopita. Finland ilianza mwaka 1972 kwa kulazimisha taa mchana wakati wa baridi nje ya miji. Sweden ikafuata mwaka 1977, kwa mwaka mzima na kwa barabara zote. Kanada iliamuru magari mapya yawe na taa zinazowaka zenyewe mchana kuanzia Desemba 1989. Umoja wa Ulaya nao ukaweka sharti hilo kwa aina mpya za magari madogo kuanzia tarehe 7 Februari 2011, na kwa malori na mabasi kuanzia Agosti 2012. Ndiyo maana magari mengi unayoyaona huku yana taa nyeupe kali mbele hata jua likiwa linawaka.

Tusizidishe sifa lakini. Tafiti za nchi za Skandinavia na Kanada zilionyesha kwamba ajali za mchana za magari kugongana hupungua, ila utafiti wa serikali ya Marekani wa mwaka 2008 haukupata tofauti kubwa kwa jumla. Kwa hiyo usiichukue taa kama hirizi. Ni msaada mmojawapo, na faida yake iko wazi zaidi kule ambako mwanga wa mchana ni hafifu, kama huku kwetu.

MTEGO WA TAA ZA MCHANA

Sasa, ndugu msomaji, naomba usome sehemu hii kwa makini, hasa kama gari lako ni la miaka ya karibuni.

Taa za mchana zinawaka zenyewe mara unapowasha injini. Ukiwa ndani unaona mwanga mbele ya gari, na dashibodi nayo inang'aa. Unajiambia, "Taa zangu zinawaka," kisha unaondoka. Kumbe katika magari mengi taa hizo ni za mbele peke yake. Nyuma ni giza tupu! Jioni ya mvua kwenye motowei, lori linalokufuata haliioni gari yako mpaka ukanyage breki.

Jambo hili lilisumbua Kanada hadi serikali ikabadilisha sheria. Magari mapya yanayouzwa huko tangu Septemba 2021 lazima yafanye moja kati ya mambo matatu: yawashe taa za nyuma pamoja na zile za mchana, au yawashe taa zote yenyewe giza likiingia, au yaache dashibodi gizani ili dereva akumbuke. Usitegemee kwamba gari lako la hapa Uingereza lina mpango kama huo.

Na vipi kuhusu swichi yenye alama ya "Auto"? Inasaidia, lakini ielewe. Kidude kilicho kwenye kioo cha mbele kinapima mwanga. Ukungu mweupe wa mchana una mwanga wa kutosha, kwa hiyo kidude hicho kinaweza kuona ni mchana mzuri tu na kisiwashe kitu. Katika ukungu na mvua, washa taa kwa mkono wako mwenyewe.

MAMBO SITA YA KUSHIKA

1. Washa taa kubwa za kawaida, zile za dimu, mapema. Highway Code inashauri kuziwasha hata mchana hali ya hewa ikiwa ya giza, ili uonekane. Usingoje taa za barabarani ziwake. Ukijiuliza kama ni wakati wa kuwasha, basi ni wakati.

2. Sheria inakulazimisha kuwasha taa kubwa pale uwezo wa kuona unapopungua sana, yaani kwa kawaida unaposhindwa kuona zaidi ya mita 100 mbele. Taa ndogo za paking hazitoshi hapo.

3. Taa za ukungu ni za wakati huo tu. Ukungu ukiondoka zizime, ni lazima kisheria. Taa nyekundu ya ukungu ya nyuma ni kali, inamuumiza macho anayekufuata na inafunika taa zako za breki.

4. Taa za fulu zishushe mara uonapo gari linakuja au unapomkaribia aliye mbele yako. Akikujia mtu ambaye hakushusha zake, usimlipizie. Punguza mwendo na tazama ukingo wa kushoto wa barabara.

5. Usiendeshe huku umewasha hazadi kwa sababu ya mvua au ukungu, kama wengi tulivyozoea nyumbani. Katika magari mengi hazadi zikiwaka indiketa hazionekani, na aliye nyuma anadhani umesimama. Sheria ya hapa inaruhusu hazadi gari likitembea katika hali moja tu: kuwatahadharisha walio nyuma juu ya hatari iliyo mbele, ukiwa kwenye motowei au barabara ya njia mbili zilizotenganishwa yenye mwendo mkubwa.

6. Kuwa mwangalifu na kumulikiana taa. Nyumbani mtu akikumulika huenda anakuambia kuna askari mbele, au anakuambia "ninapita, kaa kando". Huku madereva wengi wanamaanisha "pita wewe kwanza". Hebu fikiria wawili wenye maana hizo tofauti wakikutana njia panda! Highway Code inatambua maana moja tu: "nipo hapa". Usimulike kwa maana nyingine, na wewe ukimulikwa, hakikisha kwa macho yako kabla ya kuingia.

Wapo wanaohofia betri. Injini ikiwa inawaka, alteneta ndiyo inayolisha taa, kwa hiyo gari zima halitakuachia betri tupu kwa sababu ya kuwasha taa safarini. Mafuta yanayoongezeka ni kidogo sana. Balbu ikiungua mapema, bei yake hailingani na bampa, sembuse mguu wa mtu.

MACHO YAKO NAYO UYATAZAME

Taa nzuri haimsaidii dereva mwenye macho mabovu. Kadiri umri unavyosonga mboni ya jicho inakuwa ndogo gizani na lenzi inapoteza uangavu, hata mtu wa miaka 60 jicho lake linapokea takriban theluthi moja ya mwanga unaopokelewa na kijana wa miaka 20. Ukiona taa za magari yanayokuja zina duara za mwanga kuzizunguka, au unachukua muda mrefu kuona vizuri baada ya kumulikwa, usilaumu taa peke yake. Huenda ni mtoto wa jicho anaanza, na huyo anatibika.

Ugonjwa wa glakoma, ambao wengine huuita presha ya macho, huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, na mara nyingi hauumi wala hauonyeshi dalili mwanzoni. Unakula uoni wa pembeni polepole, na huo ndio unaokuonyesha mtoto anayeshuka kutoka kando ya barabara. Hapa England, NHS inalipia kipimo cha macho kwa mwenye miaka 60 na zaidi, mwenye kisukari au glakoma, na mwenye miaka 40 na zaidi ambaye mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto wake ana glakoma. Scotland kipimo ni bure kwa wakazi wote. Kumbuka pia kwamba sheria inakutaka uweze kusoma namba ya gari iliyo mita 20 mbele yako, kwa miwani kama unaitumia.

WATEMBEAO KWA MIGUU

Usisahau watoto na wazee wa nyumbani mwako. Desemba watoto wanatoka shule giza likikaribia, wengi wakiwa na koti jeusi na begi jeusi. Mshonee au mbandikie mwanao kitambaa kinachoakisi mwanga kwenye begi na mkononi. Mama aliyekuja kutusalimia na anayependa kutembea jioni naye mpe koti la rangi nyeupe au ya njano. Wao wanakuona vizuri na taa zako, wakadhani nawe umewaona. Sivyo.

KABLA HUJAONDOKA

Leo jioni chukua dakika tano. Mwombe mtu wa nyumbani akae kwenye usukani na awashe injini tu, bila kugusa swichi ya taa. Wewe zunguka nyuma ya gari utazame. Kama nyuma ni giza, sasa unajua, na dereva mwingine yeyote wa gari hilo lazima ajue. Kisha awashe dimu, fulu, taa ya ukungu, indiketa na akanyage breki, mkiandika ipi haiwaki. Futa vioo vya taa kwa kitambaa chenye maji, kwani chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hufunika taa bila wewe kujua. Vioo vilivyopauka vinaweza kusuguliwa kwa fundi.

Na utakapokwenda nyumbani likizo, ukaendesha na taa mchana, mtu akakufumbia na kukufumbulia vidole, mpungie mkono kwa shukrani. Kisha ziache ziwake.

Safari njema.