Uvimbe Sugu na Kuzeeka kwa Ngozi: Mkorogo kama Kielelezo

Makala haya yanafafanua namna uvimbe sugu unavyoharakisha kuzeeka kwa ngozi, kwa kurejelea mkorogo, yaani mchanganyiko wa vipodozi vya kung'arisha ngozi unaotumika Mbagala na kwingineko Dar es Salaam.

Uvimbe wa kawaida huzimika jeraha linapopona. Ule sugu hufukuta chini kwa chini: seli za kinga hutoa saitokini, nazo huchochea vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni. Ngozi hulegea na kukunjamana. Mwaka 2000 Claudio Franceschi na wenzake waliunda istilahi moja iliyounganisha uvimbe na uzee.

Utata wa mkorogo umo katika steroidi ambazo mara nyingi huchanganywa humo. Steroidi hutuliza uvimbe; ndiyo maana uso hulainika mwanzoni, na mtumiaji huamini amerudia usichana. Wakati huohuo huzuia utengenezaji wa kolajeni, ngozi ikawa nyembamba. Akiacha ghafla, uso huwaka na kuwasha, vipele vikaibuka, naye huurudia mkorogo uleule ili aupoze. Haidrokwinoni nayo hupunguza melanini, kinga ya asili dhidi ya mionzi ya urujuanimno. Kwa muuza matunda wa Rangi Tatu anayeshinda juani, mionzi hiyo huamsha uvimbe upya.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, na tangu 2019 udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hata hivyo, marufuku hulenga bidhaa iliyoko dukani. Mtumiaji aliyekwisha kuzoea huhitaji zaidi daktari wa ngozi atakayemwachisha steroidi hatua kwa hatua.