Msimulizi wa Filamu na Utengenezaji wa Msuko: Mfano wa Mitaa ya Eastlands, Nairobi

1. Utangulizi

Watazamaji wa filamu za bunilizi ya kisayansi wana lalamiko moja la siku zote: sehemu ya kwanza hupendeza, na zile zifuatazo huvunja moyo. Lalamiko hilo husikika Dandora na Kayole kama lisikikavyo London. Tofauti ni kwamba katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, yuko mtu ambaye kazi yake humpa nafasi ya kuitibu kasoro hiyo. Mtu huyo ni msimulizi wa filamu, ambaye huweka sauti yake juu ya sauti ya filamu na kukieleza kisa upya kwa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kueleza ni kitu gani hasa msimulizi anaweza kukitengeneza katika filamu ya mwendelezo, na ni kitu gani kinachomshinda. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi hiyo haieleweki vema ikipimwa kwa kanuni za tafsiri peke yake. Yafaa ipimwe pia kwa kanuni za utambaji wa hadithi.

2. Msimulizi na mazingira yake

Eastlands ni jina la jumla la mitaa ya upande wa mashariki wa Nairobi. Mingi kati ya ile ya kale, kama Pumwani na Kaloleni, ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya makazi ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Watu wa makabila na lugha mbalimbali walikutanishwa humo, na Kiswahili kikawa lugha ya ujirani. Ni katika mitaa hiyo ambamo M. H. Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, waliona chimbuko la Sheng mwanzoni mwa miaka ya 1970, ijapokuwa Alamin Mazrui, akiandika mwaka 1995, alikuwa ameonyesha kwamba mizizi ya misimu ya namna hiyo ni ya kale zaidi.

Ulipokuja ukanda wa video, vibanda vya kuonyeshea filamu vilienea: chumba cha mabati, mabenchi, televisheni, na kiingilio kidogo. Wengi wa walioingia humo hawakuweza kufuata Kiingereza cha filamu za Marekani, sembuse Kichina cha Hong Kong au Kihindi cha Bombay. Pengo hilo ndilo lililojazwa na msimulizi. Aliyevuma kuliko wote nchini Kenya ni DJ Afro, jina la kazi la James Muigai, ambaye masimulizi yake yalitoka vibandani yakaingia katika matatu, majumbani, na baadaye katika intaneti.

Jambo hili si la Nairobi peke yake. Huko Dar es Salaam alisifika Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, na Uganda wako wasimulizi wa Kiluganda. Huko Japani, zama za filamu zisizo na sauti, watu walioitwa benshi walikaa kando ya pazia wakieleza kisa kwa mdomo, na mara nyingi mtazamaji alilipa kiingilio kwa sababu ya benshi kuliko kwa sababu ya filamu yenyewe.

3. Tukio na sababu

Ili kuelewa mamlaka ya msimulizi, ni vema kukumbuka tofauti aliyoieleza E. M. Forster mwaka 1927 kati ya kisa na msuko. Kisa ni mfuatano wa matukio: hili lilitokea, kisha lile. Msuko ni matukio hayo hayo yakiwa yamefungwa pamoja kwa kamba ya sababu.

Katika filamu, matukio mengi hubebwa na picha. Sababu, kwa upande wake, aghalabu hubebwa na maneno: ni nani aliyetuma, ni deni gani linalolipwa, kwa nini adui amerudi. Msimulizi hana uwezo juu ya picha. Aliyeonekana akifa amekufa, na nyumba iliyoonekana ikiungua imeungua. Lakini maneno yote yako mkononi mwake. Kwa hiyo eneo lake halisi ni sababu.

Hapa ndipo filamu ya mwendelezo inapofaa kuchunguzwa. Mara nyingi kasoro yake haiko katika matukio, kwani mapigano na mitambo huwa imeongezwa, bali katika sababu, ambazo hutungwa baadaye ili kuhalalisha kurudi kwa wahusika ambao habari zao zilikwisha kamilika.

Ushahidi ulio wazi unatoka kwa watengenezaji wenyewe. Filamu ya Highlander ya 1986 iliwaonyesha watu wasiokufa bila kueleza asili yao. Mwendelezo wake wa 1991 uliwafanya kuwa wageni waliotoka katika sayari iitwayo Zeist, na wapenzi wa filamu ya kwanza walikasirika. Mwaka 1995 likatolewa toleo jingine ambamo sayari hiyo iliondolewa, na watu hao wakawa wametoka katika zama za kale sana za dunia hii hii. Picha nyingi zilibaki zile zile, ila zilipangwa upya na maneno yakabadilishwa. Kilichotengenezwa ni sababu, na kilitengenezwa kwa njia isiyo mbali na ile ya msimulizi wa Eastlands.

4. Mfano wa Terminator: Dark Fate

Mfano ufuatao si nukuu ya masimulizi ya mtu fulani. Umetungwa kwa ajili ya uchambuzi, ili kuonyesha nafasi ambayo filamu inampa msimulizi.

Terminator 2 ya 1991 inahusu mama, Sarah Connor, anayepigana kumwokoa mwanawe John. Filamu ya Terminator: Dark Fate ya 2019, iliyojinadi kuwa mwendelezo wa moja kwa moja wa ile ya 1991, inaanza kwa kumwua John mbele ya mama yake. Taabu yote ya sehemu ya pili inageuka kuwa kazi bure katika dakika chache, na hapo ndipo watazamaji wengi walipovunjika moyo.

Msimulizi hawezi kumfufua John. Hata hivyo, filamu yenyewe ina jambo ambalo haikulitumia vya kutosha. Kwa miaka mingi Sarah hupokea ujumbe unaomweleza mahali mashine nyingine zitakapotokea, na kila ujumbe hutaja kwamba ni kwa ajili ya John. Baadaye sana inafichuliwa kwamba mpelekaji ni ile ile mashine iliyomwua kijana, ambayo sasa inaishi kama baba wa familia. Mwishoni mashine hiyo inajitoa mhanga huku ikilitaja tena jina la John.

Msimulizi anayeijua hadhira yake anaweza kulileta jambo hili mapema. Akitangaza tangu ujumbe wa kwanza kwamba mpelekaji ni mwuaji, na akiuita ujumbe huo diya, msuko mzima unabadilika. Hadhira haingoji tena kujua ni nani anayeleta habari, bali inauliza kama mama anaweza kupokea diya ya mwanawe kutoka mkono uliomwua, tena bila yeye kujua kwamba ameipokea. Kifo cha John hakiwi tena hasara tupu. Kinakuwa deni linaloendesha kisa mpaka mwisho. Picha hata moja haijaguswa, na neno lililotumika linaeleweka Pumwani bila maelezo.

5. Hadhira na mipaka

Uhuru huu una mlinzi wake. Fanani wa ngano hukatizwa na hadhira inayoijua ngano, na msimulizi wa kibandani naye hukabiliwa na watu walioiona sehemu ya kwanza mara nyingi. Sababu isiyopatana na sehemu hiyo hukataliwa papo hapo, kwa kelele na kicheko. Anayenasa sauti yake pweke, kwa ajili ya diski au intaneti, humkosa mlinzi huyo.

Wala si kila badiliko ni matengenezo. Mzaha uliopachikwa juu ya kilio cha mfiwa huweza kuliua tukio, na mhusika wa kike mwenye akili hugeuzwa pengine kuwa kichekesho tu. Pia kuna swali la haki: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwenye kazi mamlaka juu ya tafsiri na mageuzi ya kazi yake, na masimulizi mengi hufanywa bila idhini. Mambo haya hayana budi kusemwa wazi. Hata hivyo, uharamu wa nakala hauondoi usanii uliomo ndani yake.

6. Hitimisho

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kiini cha masomo. Tangu hapo utambaji umetafutwa sana vijijini, na ule wa vibandani ukahesabiwa kuwa tafsiri mbovu yenye Sheng nyingi.

Hasara ya mtazamo huo ni ya kitaaluma. Albert Lord, mwaka 1960, alionyesha kwamba fanani hutunga upya kila anaposimulia. Lakini mtafiti wa utambaji hupata shida kupima kiasi cha utunzi huo, kwa kuwa hakuna nakala moja ya asili ya kulinganishia. Filamu inatoa kipimo ambacho ngano haina: picha hazibadiliki. Wasimulizi wawili wakiisimulia filamu moja, kila tofauti iliyo katika maneno yao ni utunzi wao. Inafaa masimulizi hayo yarekodiwe kibandani, pamoja na sauti za hadhira, kabla vibanda havijamalizwa na simu za mkononi. Diski itahifadhi sauti ya msimulizi, lakini haitahifadhi sauti ya yule aliyekaa benchi la nyuma akakikataa kisa.