Skuta ya Umeme Ipimwe kwa Mwendo Wake

Skuta ya umeme haina tangi la petroli, haitoi moshi wala haingurumi, ndiyo maana wengi huiona kama baiskeli iliyopata bahati. Sheria ya Kenya haiioni hivyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inahesabu kuwa gari kila chombo kinachoendeshwa kwa mtambo, na haiulizi mtambo huo unakunywa nini. Anayetoka na skuta yake gatini Shimoni, Kwale, kuelekea njia panda ya Kanana yuko barabarani sawa na mwenye bodaboda: leseni inamhusu, usajili unamhusu, bima nayo inamhusu. Kifungu cha 103B kinamtaka avae kofia ngumu na jaketi ya kuakisi mwanga, na asibebe zaidi ya abiria mmoja.

Atatokea mtu aulize kama kile kiskuta cha kusimamia, ambacho hukunjwa kikatiwa kwenye buti, nacho kifungwe namba. Swali ni la haki, na linafichua mahali sheria inapopwaya. Daraja la leseni la mopedi limewekwa kwa kipimo cha cc 50, na mota ya umeme haina cc hata moja. Skuta mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana kabisa barabarani: moja inakomea kilomita 20 kwa saa, nyingine inafika 60. Kwa maoni yangu, kipimo cha haki ni mwendo, maana mwendo ndio unaoumiza. Nishati ya mgongano huongezeka kwa mraba wa spidi, kwa hiyo anayekwenda 45 hubeba nishati mara tisa ya anayekwenda 15. Wepesi wa chombo hausaidii sana hapo, kwa kuwa uzito mkubwa ni wa mwendeshaji mwenyewe. Umoja wa Ulaya ulishalitambua hili: baiskeli ya kukanyaga inayosaidiwa na mota isiyozidi wati 250, ambayo mota hujizima ikifika kilomita 25 kwa saa, imebaki baiskeli, ile ya hadi 45 ni mopedi. Ujerumani iliruhusu viskuta vya kusimamia mwaka 2019 kwa sharti la kutopita 20 na kubandikwa kibati cha bima. Paris ilivumilia vya kukodi mpaka wapiga kura wakavikataa Aprili 2023, na kufikia Septemba vilikuwa vimeondolewa. Kenya haina haja ya kufika huko. Ingetosha kubadilisha cc kwa wati na spidi.

Lakini hata kipimo kikirekebishwa, kuna jambo ambalo sheria za Ulaya haziwezi kutufundisha sawasawa, nalo ni ukimya. Katika barabara ya Shimoni mtembea kwa miguu na chombo hugawana ukingo uleule: wanafunzi, wachuuzi wa samaki, wageni wanaowahi boti za Wasini na Kisite. Mwanamke aliyejitwika beseni la samaki hageuzi shingo kila anapotaka kuvuka, husikiliza. Pikipiki ya petroli humpa habari mapema hata kama dereva wake ni mzembe. Ya umeme inamnyima habari hiyo. Ulaya hulazimisha magari mapya ya umeme yatoe sauti yakiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, ila sharti hilo haligusi magurudumu mawili. Sitetei vipaza sauti, kwa kuwa utulivu ni faida mojawapo ya umeme. Natetea taa ya mbele iwake mchana na usiku, honi fupi ipigwe kutoka mbali (ya kumshtua mtu mgongoni ni ufidhuli, na humfanya arukie upande usiofaa), na spidi ishuke kabla ya kumpita anayetembea. Kikomo cha 50 ndani ya vituo vya biashara ni ruhusa ya juu kabisa. Penye watu wengi hivyo, hata 30 ni nyingi.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama na joto. Kijana aliyekopa kununua skuta hataki kusikia habari za bima, na kofia ngumu kwenye jua la Kwale ni adhabu kweli. Hata hivyo uchambuzi wa shirika la tafiti za afya la Cochrane wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna nafuu ya mafuta inayofidia hasara ya kichwa kilichopasuka. Kwa upande wa bima, anayelindwa zaidi ni yule mwenye beseni, ambaye hakukopa chochote.

Hewa ya chumvi nayo hula nyaya za breki na viunganishi vya betri, na magurudumu madogo hunasa kwenye shimo ambalo bodaboda hulipita bila kuyumba. Kwa hiyo, wewe unayekodi skuta Diani au Shimoni, kabla ya kutoa pesa omba kuonyeshwa namba na bima, jaribu breki zote mbili, washa taa. Mwenye skuta akikosa kofia ya kukupa, panda tuktuk.