Sura ya Nne: Jinsi Seli Moja Inavyokuwa Mbili

Msomaji aliyezifuata sura zilizotangulia amekwisha kujua kwamba mwili wa kiumbe, uwe wa mbuyu au wa binadamu, umejengwa kwa seli, na kwamba kila seli hutokana na seli iliyoitangulia, kauli ambayo Rudolf Virchow wa Ujerumani aliitangaza mwaka 1855, ingawa Robert Remak alikuwa amekwisha kuitolea hoja kabla yake pasipo kupata sifa iliyomstahili. Lakini kujua kwamba seli huzaa ni jambo moja, na kujua huzaaje ni jambo jingine.

Aliyelifumbua fumbo hilo kuliko wenziwe ni Walther Flemming, mwalimu wa chuo kikuu cha Kiel, ambaye alichagua kuchunguza watoto wa salamanda, mnyama wa jamaa ya chura mwenye mkia, kwa sababu seli zake ni kubwa ajabu. Alizitia rangi za anilini, zilizotengenezwa kwa ajili ya nguo, akaona kwamba ndani ya kiini mna kitu kinachoinywa rangi ile kwa pupa, na kwamba wakati wa seli kugawanyika kitu hicho hujikusanya kikawa nyuzi, na kila uzi hupasuka kwa urefu wake ukawa nyuzi mbili. Kitabu chake cha mwaka 1882 ndicho kilichoeneza jina la mitosisi, nasi twaziita nyuzi zile kromosomu.

Kupasuka kwa urefu ndiyo siri yenyewe. Lau kila uzi ungalikatwa katikati, kila seli mpya ingalipata nusu ya maagizo ya uhai; lakini kwa kuwa seli, kabla ya kugawanyika, hunakili DNA yake yote, ambayo katika seli moja ya binadamu ina urefu wa karibu mita 2, kila kromosomu huingia katika mitosisi ikiwa pacha walioshikamana. Basi huu si mgawanyo wa mirathi, ambao kwao warithi wakizidi mafungu hupungua, bali kila mrithi huondoka na mali yote kamili.

Atakaye kuyaona haya kwa macho yake hahitaji salamanda. Na aweke kitunguu juu ya gilasi ya maji mpaka kiote mizizi, akate ncha ya mzizi, milimita mbili zatosha, ailainishe kwa asidi, aitie rangi, kisha aibane baina ya vioo viwili na kuitazama kwa hadubini. Ataona safu za seli za mraba, nyingi zikiwa na viini vya duara vilivyotulia. Ila hapa ataona fundo la nyuzi zilizotatizana, pale vijiti vifupi vilivyojipanga katikati ya seli, na kwingine mafungu mawili yaliyopeana mgongo, kila moja limeelekea upande wake. Kitunguu kina kromosomu 16, nasi tuna 46, idadi ambayo wataalamu waliikosea kwa miongo wakidai 48, hata mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliokuwa Lund nchini Sweden, walipotangaza hesabu sahihi.

Katika hatua zote hizo, inayonistaajabisha mimi ni ile ya kujipanga katikati, maana machoni yaonekana kama mapumziko, kumbe ni ukaguzi mkali. Nyuzi nyembamba za protini hutoka pande mbili za seli, zikaja kuwashika pacha, mmoja huku na mwenziwe kule, na seli haitoi idhini ya kuwatenganisha hata kromosomu ya mwisho imeshikwa. Ikibaki moja tu iliyo huru, zote husubiri. Zikisha kushikwa, kimeng'enya hukata pete za protini zilizowafunga pacha, nao huvutwa kila mmoja kwake. Yaliyosalia ni mepesi: viini viwili huundwa, seli ya mnyama hubanwa kiuno mpaka ikatike, na ya mmea hujenga ukuta katikati. Kazi yote, katika seli za binadamu, huchukua kiasi cha saa moja.

Matabibu nao hawakuuacha ukaguzi huo bila kuutumia. Katika ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Bukini, linalopandwa leo katika bustani nyingi za pwani yetu, hutolewa dawa iitwayo vinkristini, ambayo huzizuia zile nyuzi za protini zisiundike, seli ya saratani ikabaki inangoja idhini isiyokuja hata ikafa. Ni miongoni mwa dawa zinazotibu uvimbe wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na wagonjwa aliowaona Uganda. Dawa za namna hii, hata hivyo, hazibagui sana: seli za mashina ya nywele, ambazo nazo hugawanyika upesi, huzuiwa pia, na ndiyo sababu mtoto anayetibiwa huweza kunyonyoka nywele, ambazo aghalabu humea tena matibabu yakisha.