Kitanzi Ndani ya Cheti

Tarehe 15 Machi 2022, mradi wa OpenSSL ulitoa kiraka cha kuziba kosa ambalo halikuvujisha nywila ya mtu wala siri yoyote. Kazi yake ilikuwa moja: kuiacha kompyuta ikipiga hesabu isiyoisha. OpenSSL ni maktaba ya msimbo inayolinda mawasiliano ya seva nyingi duniani. Kosa hilo liliripotiwa na Tavis Ormandy wa Google.

Chanzo ni hesabu tupu. Cheti cha kidijitali hubeba ufunguo wa umma, na aina mojawapo ya ufunguo ni nukta juu ya mkunjo, inayotajwa kwa namba mbili. Ili kubana nafasi, namba ya pili huweza kuachwa, mpokeaji akaitafuta mwenyewe kwa kukokotoa kipeuo cha pili katika hesabu za masalio. Njia inayotumika inataka kigawanyo kiwe namba tasa. Ila cheti kinaweza kuja na vipimo vyake chenyewe vya mkunjo, na mwenye nia mbaya hupachika humo kigawanyo kisicho tasa.

Tuufunue msimbo. Kitanzi cha kutafuta kipeuo kilihesabu mizunguko yake kwa kihesabio i, kilichoanza na 1. Katika kila mzunguko kiliongezwa 1 kwanza, ndipo kikaulizwa: je, i ni sawa na e, yaani kikomo cha mizunguko? Kikiwa sawa, hesabu isimame na kosa litangazwe. Sasa, e ikiwa 1, swali la kwanza linaikuta i imeshafika 2, halafu 3, halafu 4. Ni abiria anayengoja kituo ambacho daladala imeshakipita.

Na haya yote hutokea kabla sahihi ya cheti haijahakikiwa. Mshambuliaji hana haja ya kuaminiwa na mamlaka yoyote. Cheti chake kikisomwa tu, yametimia. Seva zinazopokea vyeti vya wateja zilikuwa hatarini, na hata mteja aliyejiunga na seva ya mhalifu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodharau kasoro za namna hii eti hakuna kilichoibwa. Programu ya ulinzi ndiyo husoma data ya mgeni kabla ya programu nyingine. Ikikwama, walio nyuma yake hawapati huduma.

Tiba, iliyoandaliwa na David Benjamin wa Google na Tomáš Mráz wa OpenSSL, ni mistari michache: zunguka maadamu i ni ndogo kuliko e; jibu lisipopatikana, toka na utangaze kosa. Ilitoka katika matoleo 1.1.1n na 3.0.2. Kusakinisha hakukutosha, kwani huduma iliyokwisha kuwashwa huendelea kutumia nakala ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu mpaka izimwe na kuwashwa upya. Vifaa vilivyobeba ndani yake nakala ya OpenSSL vilibaki kumsubiri mtengenezaji.