Sikio Halingoji Neno Liishe

Mvua ya masika ilikuwa ikipiga mabati. Bibi, akigeuza vitumbua kwenye chuma, akaniita kwa sauti: “Mjukuu wangu, niletee kita…” Kilichobaki kikamezwa na radi. Nikakimbilia kitambaa, nikijua anataka kuipua. Bibi akacheka: “Kitabu, we! Kitabu cha madeni!” Mlangoni alisimama mteja aliyekuja kulipa.

Nilipokua ndipo nikajua kwamba masikio yangu hayakuwa na kasoro. Mwanasaikolojia William Marslen-Wilson alieleza tangu miaka ya 1970 kuwa zikisikika sauti za kwanza tu, maneno yote yanayoanza hivyo huamka kichwani kwa pamoja. “Kita” huamsha kitabu, kitanda, kitana, kitasa, kitambaa, kitambulisho. Kila sauti inayofuata huyapunguza, na mazingira nayo hutia mkono, hadi libaki moja. Kwangu mimi, sauti ziliishia njiani. Chuma cha moto ndicho kilichochagua.

Je, neno laweza kuamka hata pale tusipojua kuwa tumelisikia? Mwaka 2005, watafiti Sid Kouider na Emmanuel Dupoux walilijaribu hilo kwa Kifaransa. Walilibana neno hadi likabaki theluthi hivi ya urefu wake, wakalipunguza sauti, kisha wakalificha katikati ya maneno mengine yaliyochezwa kinyumenyume. Msikilizaji aliona ni makelele matupu. Lakini neno lilelile lilipokuja waziwazi, alilitambua upesi zaidi, hata kama sasa lilitamkwa na mtu mwingine. Maneno ya kubuni, yasiyo na maana, hayakupata msaada huo. Maana yake, kilichoguswa ni neno lililokwisha kuhifadhiwa kichwani, wala si mlio mtupu.

Hata hivyo, kuamsha si kuamrisha. Mwaka 1957, Mmarekani James Vicary alidai kuwa ujumbe wa kufumba na kufumbua katika sinema uliwafanya watazamaji wanunue Coca-Cola na bisi kwa wingi. Mwaka 1962 akakiri kuwa takwimu zake hazikutosha kuthibitisha lolote. Athari ile ya Kifaransa ilikuwa ya sehemu ndogo ya sekunde tu.

Siku hizi nikiyatamka yale maneno mawili polepole, nasikia tofauti: mkazo wa “kitabu” uko kwenye “ta”, wa “kitambaa” uko mbele yake, kwenye “mba”. Bila shaka Bibi aliikazia “ta” ile. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vitumbua.